Mizani ya Maziwa Haisemi Uongo

Ardys Marlene Tollefsrud ni binti Selmer Haugen, yule Selmer aliyelima kwa farasi miaka sita baada ya majirani wote kununua trekta, na bado akawazidi mahindi. Ni mjukuu wa Gunhild, aliyemfukuza dubu kwenye banda la nguruwe kwa ufagio, kisha akaendelea kufagia. Yeye mwenyewe alikamua ng'ombe arobaini, asubuhi na jioni, kwa miaka thelathini na minne. Mwanawe wa pekee, Curtis, alimzaa katikati ya kukamua kwa asubuhi na kukamua kwa jioni, na ng'ombe hawakucheleweshwa hata nusu saa.

Ndiye aliyemwangusha dume la kulungu mwenye pembe za matawi manane asubuhi ya Jumapili, akaingia kanisani na damu kwenye soksi, akaimba sauti ya pili bila kukosea. Ndiye aliyempiga jike mnono alfajiri ya siku ya harusi ya shemeji yake Verlyn, ile harusi ya tatu, na nyama ya jike huyo ilidumu kwenye friza kuliko ndoa ilivyodumu.

Na yote hayo kwa upinde. Hapo pasisahaulike. Kwetu huku kwenye makorongo ya magharibi ya Wisconsin, bunduki kila mtu anayo, hata mwalimu wa piano. Ardys husema bunduki ni ya watu wenye haraka. Mwenye upinde humngoja kulungu mpaka amwone anavyopepesa kope, na kama huwezi kukaa kimya juu ya mti saa nne bila kukohoa, basi kaa nyumbani ucheze karata.

Msimu wa upinde hufunguliwa katikati ya Septemba, lakini kwa watu wa nyumba ile huanza Jumamosi ya kwanza ya Agosti, siku ya kuandika ukuta. Ukuta wenyewe uko katika chumba cha maziwa. Ng'ombe waliuzwa zamani, tangi la maziwa likaondoka nao, ikabaki sakafu ya saruji, ukuta uliopakwa chokaa, na mizani ya maziwa ikining'inia kwa mnyororo darini, ile iliyokuwa ikimwambia Ardys ng'ombe yupi anafanya kazi na yupi anakula bure. Hapo ukutani, kwa penseli ya fundi seremala, kila mwindaji huandika mwaka, jina lake na azma yake ya msimu. Msimu ukiisha, matokeo huandikwa pembeni, na hakuna kufuta.

Kwa hiyo ukuta ule unajua mengi. "Verlyn: dume la matawi kumi." Pembeni: "Mafua." Mwaka uliofuata: "Verlyn: dume la matawi kumi na mawili." Pembeni: "Alisinzia mtini, akadondosha upinde, kulungu akaunusa." Orlin, mume wa Ardys, huandika neno lilelile kila mwaka: "Nyama."

"Pembe hata uzichemshe siku tatu," Orlin husema, "haziliki."

Mwaka wa 1988 Verlyn aliandika kwamba angempiga dume kubwa kuliko wote wilayani, na upinde wake ulikuwa bado na utando wa buibui wa mwaka uliopita. Ardys alichukua sahani ya karatasi aliyokuwa akilia saladi ya viazi, akaifuta kwa aproni, akaipigilia kwenye robota la nyasi, akahesabu hatua ishirini.

"Kuanzia leo," alisema, "asiyepiga sahani haandiki ukuta. Mshale mmoja. Tangulia, shemeji."

Verlyn alikosa sahani, akakosa robota, akaipata ndoo ya kuku. Mwaka ule jina lake halikuandikwa. Tangu siku hiyo sheria ya sahani haijawahi kuvunjwa, na aliyeitunga hajawahi kukosa. Majina yote ukutani yana mapengo, hata la Orlin, mwaka aliovunjika mguu. La Ardys tu halina. Mwaka huu lingekuwa la hamsini, na Ardys, mwenye miaka sabini na minne, alilitaka hilo la hamsini kuliko alivyotaka kitu kingine chochote duniani. Alikuwa ameshachonga penseli tangu Mei.

Maandalizi yake yalikuwa kama ya bibi harusi. Nguo za kuwindia alizifua kwa sabuni isiyo na harufu, akazianika upepo unakotoka msituni, akazifungia ndani ya sanduku pamoja na majani ya mwaloni. Nyama ya nguruwe ya kukaanga ilipigwa marufuku jikoni kuanzia Julai, moshi usije ukaingia kwenye koti. Orlin akawa anaipata kwa Verlyn asubuhi, akisingizia kwenda kuangalia uzio.

Na kila jioni Ardys alikwenda nyuma ya ghala la mahindi kuvuta upinde wake wa kapi, ule wenye vigurudumu kwenye ncha zake. Bega lake la kulia lilikuwa bovu. Miaka thelathini na minne ya kuinua makopo ya maziwa hailiachi bega la mtu hivihivi. Asubuhi alishindwa kulifikia kabati la vikombe. Lakini upinde, ajabu, ulikuwa ukivutika vizuri, na kila mwaka ulivutika vizuri zaidi.

"Nakwambia kama kuvuta pazia," alimwambia Orlin. "Mwili unarudi ujanani huu. Daktari hajui kitu."

"Hm," Orlin alisema, akaenda kuwaangalia kuku, ambao hawakuwa na shida yoyote.

Jambo hilo hakulificha. Alilisema kanisani, akalisema kwenye duka la vyakula vya mifugo, akalisema mara mbili kwa Verlyn, kwa sababu Verlyn alikuwa ameuacha upinde wa kapi miaka mitano iliyopita akanunua upinde wa mtambo, ule wenye kitako kama bunduki, unaovutwa kwa mpini wa kuzungusha na kufyatuliwa kwa kidole. Kwa sheria unaruhusiwa. Kwa Ardys ilikuwa kama kuruhusiwa kuvua samaki dukani. Aliuita mashine ya kukamulia.

"Habari za mashine ya kukamulia, shemeji? Umeshaitia mafuta?"

"Cheka tu, Ardys. Bega halina mshahara."

"La kwangu linafanya kazi bure."

Siku ya Jumamosi ilifika na jua lake. Palikuwa na mahindi mabichi ya kuchemsha, soseji za kuchoma zilizolazwa kwenye bia, jibini changa inayolia kwenye meno, na saladi ya viazi. Verlyn alikuja na boksi lake la barafu lililojaa bia, akaliweka uani, nyuma ya robota la sahani, penye kivuli cha ukuta. Curtis hakuwepo, alikuwa barabarani na lori lake, lakini mkewe Mai Yer alikuwepo. Mai Yer ni nesi, binti wa Wahmong wa mjini, wahamiaji kutoka milima ya Laos. Maneno yake ni machache, na baba yake alimfundisha kumsogelea kindi mpaka anasikia anavyotafuna. Kwa misimu miwili alikuwa akilenga sahani nyuma ya nyumba yake kwa upinde wa zamani wa Curtis, na hakuwa amethubutu kuandika ukuta.

Ila kamera iliyofungwa mtini ilikuwa yake, na ndiyo iliyomleta Mchungaji.

"Huyu hapa," alisema, akaitoa simu. Wote wakainamisha vichwa. Dume mwenye matawi kumi, shingo nene, na chini ya kidevu baka jeupe la mviringo kama kola ya mchungaji. Alikuwa amesimama chini ya mwaloni wa kona, mwaloni wenye kiti cha Ardys, ametazama juu kana kwamba anasoma matangazo.

"Anahesabu waliohudhuria ibada," Verlyn alisema.

"Basi mimi nitahudhuria," Ardys alisema. "Ndilo neno langu la hamsini hilo. Mchungaji, kutoka mwaloni wa kona."

Walikwenda kwenye sahani. Orlin alipiga ukingo, akaridhika. Verlyn alipiga kati kwa mtambo wake, na Ardys akapiga makofi polepole kama anayemsifu mtu kwa kuwasha taa. Kisha Ardys akamsukuma Mai Yer mbele, na Mai Yer akapiga kati kabisa.

"Loo!" Verlyn akasema. "Na huyu tulikuwa tunamwachia kuosha vyombo?"

Mwisho akasimama Ardys. Akavuta kama anavuta pazia, akaachia, na mshale wake ukakaa kidole kimoja tu kutoka wa Mai Yer. Aligeuka taratibu ili wote wamwone uso.

"Miaka sabini na minne," alisema. "Upinde mzito wa ratili arobaini. Nani mwingine?"

Waliingia chumba cha maziwa. Ardys alishika penseli, akapuliza vumbi mahali alipokwisha kupachagua, usawa wa macho, akaandika "50". Hapo ndipo Mai Yer alipouliza, kwa sauti ya kuuliza saa:

"Mama, sheria ya serikali inasema uzito wa kuvuta upinde usipungue ratili thelathini. Huu wa Curtis sijui una ngapi. Nisije nikaandika halafu nikawa mkosaji."

"Tuupime," Ardys akasema. "Mizani si hiyo hapo?"

Wakaitundika kamba ya upinde kwenye ndoana ya mizani ya maziwa, Verlyn akaushika mpini kwa mikono miwili akavuta chini mpaka kapi zikazunguka, na Mai Yer akachungulia mshale wa mizani. Ulifika thelathini na tatu kabla haujarudi.

"Safi. Na wako, shemeji?" Verlyn akasema. "Tuzione hizo arobaini zinavyofanana."

"Chakula kinapoa," Orlin akasema.

"Saladi ya viazi, Orlin? Imepoa tangu jana."

"Mahindi, basi."

"Orlin," Ardys akasema, "una nini?" Akampa Verlyn upinde wake. "Vuta. Usije ukaumia kiuno."

Verlyn alivuta. Akasita, akavuta tena. Mai Yer aliitazama mizani, akaitazama sakafu.

"Ishirini na nane, mama."

Nje jogoo mmoja wa Orlin aliwika, saa isiyo yake.

"Mizani imeharibika," Verlyn akasema, na hapo Ardys akajua mambo ni mabaya, kwa sababu Verlyn alikuwa anamwonea huruma.

"Mizani hii imepima maziwa ya miaka thelathini na minne," Ardys alisema. "Haijasema uongo hata siku moja." Akauchukua upinde, akaupeleka dirishani. Zile skrubu mbili kubwa zinazokaza mikono ya upinde zilikuwa zimechomoza nje kama macho ya chura, na vichwa vyake vilikuwa vimekwaruzwa upya, vinang'aa. Mkwaruzo wa spana ndogo iliyopinda. Spana ya namna hiyo ilikuwa moja tu nyumbani, nayo hukaa kwenye mfuko wa ovaroli ya mtu mmoja.

"Orlin Tollefsrud."

"Nusu mzunguko tu," Orlin akasema.

"Nusu mzunguko!"

"Kila mwaka. Kila Juni. Huku na huku, ili uwe sawasawa."

"Miaka mingapi?"

Orlin alihesabu kwa vidole, akafika mkono wa pili, akaumaliza. "Tangu ule mwaka uliolia kule nyuma ya ghala."

"Sijawahi kulia nyuma ya ghala."

"Basi ulikohoa kwa macho."

Verlyn alijikuta ana kazi kubwa ya kuchunguza dari. Mai Yer alibana midomo. Ardys alibaki ameshika upinde kwa mkono mmoja na penseli kwa mwingine, na ile "50" ikimtazama ukutani. Alimkumbuka muuza vyakula vya mifugo. Alikumbuka kanisa zima. Kama kuvuta pazia! Mwosha huoshwa, na yeye alikuwa ameosha watu tangu 1988.

"Andika tu, shemeji," Verlyn akasema taratibu. "Sheria ni sahani, na sahani umeipiga. Ukuta hauna mizani."

Kama angemtukana, Ardys angeandika. Lakini huruma ya Verlyn haikumezeka.

"Lete spana," alimwambia mumewe.

Alizikaza skrubu mwenyewe, mizunguko mitano huku na mizunguko mitano huku mpaka arobaini zirudi, akatoka nje hadi kwenye alama ya hatua ishirini. Akainua, akavuta. Upinde ulikuja nusu ukasimama, kama ndama anayekataa kupanda lori. Akavuta tena kwa pumzi yote ya Selmer na Gunhild. Bega likalia kama tawi kavu. Akateremsha upinde, akausimamisha kwenye kiatu chake, na kwa muda akawa mtu anayetazama mahindi ya shambani tu.

Orlin alimsogelea, akasimama karibu, hakumgusa.

"Ungeniambia," Ardys akasema.

"Ungeniacha niishi?"

"La."

"Basi."

Ardys akacheka puani, kicheko kidogo kisicho na ruhusa yake. Verlyn akaona mlango umefunguka kidogo akaingiza mguu. Alikuja na ule mtambo wake, akaunyoosha kwa mikono miwili kama anatoa sadaka.

"Usiniletee hiyo mashine ya kukamulia."

"Nakuuliza jambo moja, Ardys. Ulipoacha kukamua kwa mikono ukanunua mashine, mwaka ule, ng'ombe walikufa?"

"Hawakufa."

"Maziwa yaligeuka maji?"

"Hayakugeuka."

"Na wewe ulifanya nini mashine ilipofika? Mimi nilikuwepo. Uliibusu. Uliibusu kwenye bomba, mbele ya fundi."

"Nilikuwa nimechoka, Verlyn! Mikono ilikuwa..." Aliitazama mikono yake mwenyewe, na maneno yake yakamrudia yakiwa na jibu ndani.

Mai Yer akasema, kwa ile sauti ya kuuliza saa, "Baba yangu anasema kulungu hasomi ukuta, mama. Anasoma upepo."

Ardys akamgeukia Verlyn. Kisha akaunyakua mtambo. "Unafanyaje? Kidole hapa? Usinifundishe sana."

"Bega ukandamize kitako..."

"Nimesema usinifundishe sana."

Mshale wa mtambo si mshale wa kawaida, na robota lile lilikuwa limekaa mvua mbili. Ukapita sahani katikati kabisa, ukapita robota kama robota halipo, ukaingia boksi la barafu la Verlyn. Bia zilianza kuvuja kwa mlio wa paka.

"Mama yangu!" Verlyn akapiga kelele. "Makopo ishirini na manne!"

"Sahani nimeipiga au sijaipiga?"

"Umeipiga, umeipiga! Orlin, lete sufuria!"

Wanaume wale wawili, mmoja na sufuria na mwingine kwa mdomo, wakawa wanaokoa kinachookoleka. Ardys akarudi chumba cha maziwa, na Mai Yer nyuma yake. Mbele ya "50" aliandika jina lake kwa herufi kubwa, kisha azma: "Jike mmoja mnono. Kwa mashine ya kukamulia." Akalisoma neno lake mara mbili. Halikumpendeza. Lakini lilikuwa kweli, na lilikuwa la hamsini.

"Na Mchungaji?" Mai Yer akauliza.

"Shika penseli."

"Mimi?"

"Kwani nani amepiga kati akasimama kama mtu aliyetumwa chumvi? Andika. Mchungaji, mwaloni wa kona. Kiti cha pale nitakuonyesha. Upepo ukitoka kwenye makaburi ya kanisa usipande, nenda kalale. Ngazi ya tatu inalia, usiikanyage. Na ukimwona, usiangalie pembe. Ukiangalia pembe umekwisha. Angalia nyuma ya mguu wa mbele, pale tu."

Mai Yer aliandika, polepole, kwa mwandiko wa nesi usiosomeka. Ardys aliukubali hivyohivyo. Kisha akavuta kigoda, akapanda huku anaguna, akaichomoa mizani kwenye mnyororo wake, akashuka, akaiweka mikononi mwa mkwewe. Juu yake akaweka ile spana iliyopinda.

"Hii mizani ni yako sasa. Kila Jumamosi ya kwanza ya Agosti, kabla hawajala, uining'inize hapa, upime pinde zote. Zote. Mwenye upinde pungufu asifike hata kwenye sahani, awe nani, awe na jina kubwa namna gani. Na hiyo spana ilale kwako mjini, sio kwenye ovaroli ya mtu."

"Mama, nianze na upinde wa nani?"

"Wangu. Nitakuwa nimepona bega, nitauleta." Alikuwa ameshafika mlangoni, akitazama uani ambako Verlyn alikuwa amelala kifudifudi mbele ya boksi lake. "Na usinionee huruma, Mai Yer. Soma ulichokiona, useme kwa sauti, hata Orlin akilia kwamba chakula kinapoa."